Blauzi ya Ba

Mwezi wa saba mwaka 2016 mgongo wangu uligoma. Nilikuwa nashonea barazani pale Miyomboni, Iringa mjini, cherehani ya kukanyaga, na kwa ile baridi ya Julai inayomkunja mtu kama kobe, ikifika saa nane mchana nilikuwa sinyooki tena. Nilishapaka dawa zote za kuchua walizonazo wamachinga. Moja ilinichubua ngozi, mgongo ukabaki vilevile.

Nilikuwa na mteja, bibi wa Kihindi, mjane, ambaye wote tulimwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita. Kazaliwa hapahapa Iringa, na ukimpa shikamoo anaweza kukujibu "Kamwene!" kama bibi yeyote wa Kihehe. Siku hiyo nilimpelekea blauzi yake ya hariri ya kuvalia sari, rangi ya maziwa, asubuhi mapema. Akaniangalia ninavyohangaika kuinama nivue viatu.

"Fundi, unashona kwa mikono au kwa mgongo?"

"Kwa vyote, Ba."

"Ingia. Keti."

Mtaa mzima ulijua kwamba Ba alfajiri hufanya yoga. Shangazi yangu, mwanakwaya, alishanionya kuwa yale ni mapepo. Mimi nilichokijua ni picha za kwenye simu, mtu kapeleka mguu nyuma ya kisogo, na ile tarehe 21 Juni ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kuwa siku ya yoga duniani, ambapo watu hupangwa uwanjani kama halaiki. Nikajiandaa kupinduliwa. Ba hakunipindua. Alikunja blanketi la kijivu mara nne, akaliweka chini ya makalio yangu, akaniambia nikunje miguu, basi.

"Na mazoezi, Ba?"

"Ndiyo hayo."

Mikao ya yoga wenyewe huiita asana, na asili ya neno lenyewe ni kuketi. Kile kitabu chao cha kale cha yoga, cha mwalimu Patanjali, kina semi fupi karibu 195, na zinazozungumzia mkao ni 3 tu; ya kwanza inataka mkao uwe imara na wa raha. Raha yenyewe mimi sikuiona. Magoti yalisimama juu kama ya panzi, na kabla sijatulia mguu wa kushoto ukafa ganzi. Ba akasema mwili ni mtoto mdogo, usipombembeleza akalala hakuachi uzungumze na mgeni. Kujikunja kwake kote kwa alfajiri ni kumlaza huyo mtoto, ili yeye akae kimya mbele ya Mungu wake.

Hakuficha hilo. Siku hizi nawasikia watu wakisema yoga ni mazoezi ya viungo tu, nadhani wengine wanaogopa kugombana na wachungaji. Kwa Ba ilikuwa ibada, na mimi Mlutheri nilikaa kwenye ibada ya mtu mwingine nikijua kabisa.

Akanihesabia hatua 8 za yoga kwa vidole. Mkao ni ya tatu, pumzi ya nne, na zinazofuata zote ni kazi ya ndani, kuyarudisha macho na masikio nyumbani mpaka akili iache kurukaruka. Kabla ya yote hayo, kabla hujakunja hata kidole, kuna tabia: usidhuru, useme kweli, usiibe. Hapo kwenye "usiibe" akanitazama kidogo. Nikajifanya naukanda mguu wenye ganzi.

Kisha pumzi. Dole gumba linaziba tundu la kulia la pua, kidole cha pete kinaziba la kushoto, kwa zamu. Mimi nilikuwa na mafua, tundu moja lilikuwa limeshajiziba lenyewe. Ba alicheka, akaniambia niache vidole: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, usibane. Nikafanya vizuri mizunguko kadhaa, halafu ujana ukanipanda. Utotoni tulikuwa tunashindana kuzamia Ruaha Mdogo, na mimi nilikuwa sishindwi. Nikabana. Nikabana mpaka nikaona nyota, na nilipoachia nikaenda mbele kama gunia, kiwiko kikapiga taa yake ndogo ya samli. Samli yote ikamwagikia blauzi.

"Pumzi siyo mashindano, fundi," alisema Ba. Hakupandisha hata sauti.

Nikatoa chaki yangu ya kukatia nguo, nikaikwangua kwa wembe juu ya lile doa mpaka ikawa kichuguu cheupe. Chaki hunyonya mafuta, ila haitaki haraka. Tukasubiri. Nilikaa palepale kwenye blanketi, nikitazama unga ule ukibadilika taratibu, kwanza pembeni, kuwa wa manjano. Nje bajaji zilikuwa zimeanza kupiga honi. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilichogundua ni kwamba pumzi ilikuwa inaingia na kutoka yenyewe, ndefu, bila hesabu, na mgongo ulikuwa umekaa kimya.

"Kiswahili chetu kilishasema," Ba alisema, macho kayafumba. "Pumzi. Kupumzika."

Nikataka kumweleza kilichonitokea, na nilipofungua mdomo tu, kikaondoka. Mgongo ukarudi na maneno yake yote.

Nikapuliza chaki. Doa lilikuwa limebaki, kama sarafu ndogo, karibu na kwapa. Nikamwambia nitakifumua kipande hicho nikibadilishe, bure.

Ba akafumbua macho. "Hariri ile ilikuwa ya mwisho dukani. Kitambaa utakitoa wapi?"

Nilikuwa nacho. Nusu mita nzima, kabatini kwangu.