Nilivyotoa hewa kwenye ufa wa kioo cha mbele

Nilikuwa natoka Molo na magunia ya viazi. Pale mteremko wa Sachangwan, lori la kokoto lililokuwa mbele yangu likarusha jiwe. Kioo kikapigwa nyota: kitobo katikati na miale mitatu pembeni. Kwa kuwa nyota yote ilikuwa ndogo kuliko sarafu ya shilingi 20, tena mbali na ukingo, nikajua inatibika. Nilisimama Salgaa nikaiziba kwa selotepu isiingie vumbi wala maji, nikaendelea na safari hadi Nakuru.

Resini, yaani gundi angavu ya kujazia ufa, na vifaa vyake nilinunua mjini, lakini maelezo yake yalikuwa mafupi mno. Nikampigia shemeji yangu, fundi wa vioo Kisumu. "Shem, usianze kwa kusukuma," akaniambia. "Vuta hewa kwanza. Ukisukuma, unaikimbiza tu kwenye ncha za miale, na huko hutaitoa."

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyoshikana na tabaka la plastiki katikati, na kwa kawaida jiwe huumiza cha nje peke yake. Kile kinachometa ndani ya ufa ni hewa. Resini hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo ikijaa, mwale unapotea machoni.

Niliegesha chini ya mjakaranda, maana jua la Nakuru lingegandisha resini kabla sijamaliza. Nikakausha kitobo, nikatoa vumbi la kioo kwa ncha ya sindano, nikabana juu yake kile kidaraja chenye vikombe vya mpira vya kunatia kioo, kinachoshika mrija wa resini. Nikaweka matone machache ya resini kwenye mrija na kuvuta bomba la sindano ili hewa itoke. Viputo vikaanza kupanda, vikubwa kwanza, kisha vidogo kama povu la soda. Niliiacha hivyo kama dakika 10, nikaachia, ndipo nikasukuma. Halafu tena: kuvuta, kuachia, kusukuma.

Miale miwili ilijaa. Wa tatu ukakataa, ncha yake ikabaki inang'aa. Niliingia ndani ya gari, nikapasha kioo kidogo kwa kikausha nywele cha mke wangu (aliniangalia tu), mpaka kikawa vuguvugu mkononi, si moto. Resini ikipata joto inakuwa nyepesi. Kisha nikabonyeza kwa kidole gumba, taratibu, nyuma ya mwale ule, nikiachia na kubonyeza, huku kijana wangu akishikilia bomba likiwa limevutwa. Ile ncha ikasogea kama uzi, ikakatika, ikapotea.

Sikuwasha taa ya urujuanimno (UV), ile inayogandisha resini, mpaka nimeangalia kwa pembe, kutoka ndani na nje, nikiwa nimeweka kitambaa cheusi nyuma. Ikishaganda na hewa ndani, hewa hiyo haitoki. Na taa lazima imulike kutoka nje, kwani ile plastiki ya katikati huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo.

Mwisho nilijaza kitobo tone la resini nzito, nikafunika kwa kipande cha plastiki, nikaimulika, kisha nikakwangua kwa wembe uliosimama wima. Ukipitisha ukucha, hausikii mkwaruzo. Kidoa kimebaki, ukikitafuta utakiona. Ila ufa mrefu, hasa uliofika ukingoni, sikushauri uuguse. Hapo tafuta fundi akubadilishie kioo kizima.