Mtoto anakosa mpira? Usianze na kiwiko

Mtoto akikosa mpira mara tatu mfululizo, kelele ya kwanza kutoka pembeni mwa uwanja wa besiboli huwa "inua kiwiko!" Tafadhali tuache. Kiwiko cha nyuma (cha mkono ulio mbali na mrushaji mpira) kikipandishwa juu ya bega, mtoto inabidi akishushe tena kabla gongo halijaanza kwenda, na muda huo hana. Kosa linaloonekana mikononi mara nyingi limeanzia miguuni, au kwenye uzito wa gongo alilopewa.

Kwa hiyo tuanze na gongo. Alishike kwa mkono mmoja, ule unaokaa chini kwenye mpini, aunyooshe pembeni usawa wa bega na atulie hivyo kwa sekunde 20. Mkono ukitetemeka au ncha ikiinama, gongo ni zito. Wazazi wengi hununua kubwa wakihesabu kwamba mtoto atakua. Msimu mzima anajifunza kuliburuta, na tabia hiyo haiondoki hata akishapata nguvu. Angalia pia anavyolishika: mpini ukae vidoleni, usizame kiganjani, na vifundo vya kati, vile tunavyogongea mlango, vya mikono yote miwili vikaribie kuwa kwenye mstari mmoja.

Kisha mpige video ya mwendo wa polepole, simu ikiwa usawa wa kiuno chake, ikitazama kifua, mbali na njia ya mpira. Anzia pale gongo linapogusa mpira, urudi nyuma kidogo kidogo mpaka ukute kitu cha kwanza kilichokwenda kombo. Rekebisha hicho kimoja tu. Mengi yaliyofuata yatajinyoosha yenyewe.

Kosa utakalolikuta mara nyingi zaidi ni mikono kutoka nje mapema. Badala ya kupita karibu na mwili, inasukumwa mbali, mkono wa mbele unakakamaa, na ncha ya gongo inachora duara kubwa. Mpira wa kasi anauchelewa. Ukija karibu na mwili unagonga sehemu nyembamba ya gongo na viganja vinamuuma. Ukiwa upande wa nje anaufikia vifundo vya mikono vikiwa vimeshageuka, kwa hiyo unatambaa chini. Chanzo chake ni mikono kutangulia nyonga. Utaratibu sahihi ni huu: mguu wa mbele unatua, nyonga inaanza kufunguka huku mikono ingali karibu na bega la nyuma, kisha kiwiko cha nyuma kinapita ubavuni na kitako cha gongo kinaongoza njia. Wakati wa kugusa mpira, kiganja cha mkono wa juu kinatazama angani na cha mkono wa chini kinatazama ardhi.

Dawa yake ni wavu unaoning'inia (usitumie ukuta, utaharibu gongo na mikono). Asimame akiutazama, aweke kitako cha gongo kitovuni na ncha iguse wavu. Umbali huo ndio nafasi yake. Apige hewa bila mpira. Ncha ikikwaruza wavu mwanzoni, mikono imetoka. Mara 10 zinatosha, kwa sababu zoezi hili likizidi mtoto anajikunyata na kuacha kunyoosha mikono baada ya kugusa mpira, jambo ambalo ni lazima alifanye.

Hapo hamia kwenye stendi ya mpira, ile nguzo fupi inayobeba mpira uliotulia. Watu wengi huiweka katikati ya miguu ya mtoto, na hapo wanamfundisha kuchelewa. Mpira wa katikati ya sahani (kile kibao kilicho chini mbele ya mpigaji) uwe usawa wa mguu wa mbele, wa ndani, yaani wa karibu na mwili, uwe mbele zaidi, wa nje urudi nyuma kidogo. Anayepiga kwa mkono wa kulia akiweza kuupeleka mpira wa nje moja kwa moja upande wa beisi ya kwanza (kulia kwake akimtazama mrushaji), bila kutambaa, mikono imepona.

Mguu wa mbele unaokimbilia pembeni, mbali na sahani, ni habari nyingine, kwa sababu hiyo ni hofu. Chora mstari wa chokaa kuelekea kwa mrushaji ili aone anapokanyaga, lakini tibu hofu yenyewe: mrushie mipira laini kutoka mita 5, na umfundishe kukwepa kwa kugeuza bega la mbele kuelekea kwa mdakaji aliye nyuma ya sahani huku kidevu kikiwa chini. Akijua namna ya kujikinga, mguu unatulia.

Bega la nyuma likidondoka, mpira unapaa juu na kudakwa kirahisi. Hata hivyo usimwambie apige kwenda chini. Mpira wa mrushaji unakuja ukishuka, hivyo gongo linalopanda kidogo linakaa kwenye njia yake muda mrefu zaidi. Ted Williams wa timu ya Boston Red Sox ya Marekani, aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa upigaji wa .406 (karibu mapigo manne yaliyofaulu katika kila kumi), alifundisha hivyo hivyo.

Apige mara 8, apumzike, arudie, mpaka zifike 40. Akichoka anarudia kosa lile lile. Siku ya mechi usimrekebishe chochote. Na ukiongeza kasi ya mipira mazoezini, kosa la zamani litarudi: punguza kasi, umrudishe kwenye stendi kwa mapigo 8, halafu panda tena taratibu.