Uzoefu wangu: kufua nepi za kitambaa Goma bila javeli wala marashi

Nepi ya kitambaa ikikauka ikawa ngumu kama ngozi ya mbuzi, hapa Goma lawama humwangukia muuza sabuni. Mtu hubadilisha kipande cha sabuni, huongeza javeli (maji ya klorini ya kung'arisha nguo), hutia sabuni ya unga yenye marashi, na mapaja ya mtoto yanazidi kuwa mekundu. Mimi hufua kwa mkono, bila javeli, bila marashi, bila dawa ya kulainisha nguo, na nepi zangu hubaki laini. Kazi yote iko kwenye maji: maji gani yanaingia kwenye basani, na yanaingia zamu ya ngapi.

Jaribu mwenyewe kabla ya kuniamini. Chukua chupa mbili za lita moja na nusu, moja uitie maji ya Ziwa Kivu hadi nusu, nyingine maji ya mvua. Kwangua sabuni ya mawese isiyo na marashi, kijiko kimoja cha chai kwa kila chupa, acha ilowe kidogo, kisha tikisa mara ishirini. Kwenye maji ya mvua povu husimama vidole viwili na kubaki. Kwenye maji ya ziwa povu hufa, maji hugeuka kijivu, na vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika huelea juu. Vipande hivyo ni sabuni yako mwenyewe. Maji ya ziwa hili yana madini ya magnesiamu kwa wingi, na magnesiamu huikamata sabuni na kuigeuza utando usioyeyuka. Utando huo ukiingia kwenye nyuzi za nepi huziba, mkojo unashindwa kunywewa na kutiririka pembeni, na harufu hubaki hata nepi ikiwa imeoshwa mara tatu. Maji ya robine (bomba) hayatuokoi, maana nayo mengi hupandishwa kutoka ziwani, na klorini huua vijidudu tu, magnesiamu inabaki palepale.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: sabuni na maji ya ziwa visikutane. Maji ya ziwa yanafaa kabla ya sabuni kuingia, na tena baada ya sabuni kuondoka. Katikati ni mvua peke yake.

Maji ya mvua huhesabika. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 30 za mraba likinyeshewa milimita 10 hutoa karibu lita 300, ukiondoa yanayopotea unabaki na kama 240. Maji ya kwanza usiyaweke. Bati la Goma hubeba vumbi jeusi la volkeno, masizi ya makala na chochote kilichoshuka kutoka kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo. Mimi humwaga bidoni moja na nusu za mwanzo (lita 30 kwa bati la ukubwa huo) ndipo ninaelekeza mfereji kwenye pipa. Mdomo wa pipa huvalishwa kitambaa ili mbu wasitage. Na maji haya ni ya kufulia tu. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano huwa na asidi na floridi, na floridi ikizidi huharibu meno ya mtoto yangali yanaumbika ndani ya fizi. Watu wanaoishi upande wa Sake na Rusayo, ambako upepo husukuma moshi mara nyingi, wawe waangalifu zaidi.

Kuhusu kitambaa chenyewe sina mengi. Mraba wa pamba wa sentimita 70 kwa 70, unakunjwa utakavyo. Shuka nzee za pamba za mitumba ni bora kuliko kitambaa kipya, kwa sababu zimekwisha kufuliwa mara nyingi na zinanywa maji vizuri. Kitenge kipya hakifai mpaka kichemshwe mara mbili tatu, kina dawa ya kiwandani inayofukuza maji. Mtoto mchanga hutumia nepi kumi hivi kwa siku. Ukifua kila siku, 24 zinatosha kiangazi, lakini kuanzia Septemba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei, kukauka huchukua siku mbili, hivyo andaa 36.

Juu ya nepi watu wengi hufunga plastiki. Plastiki huzuia mkojo na huzuia hewa pia, na ngozi inapikwa humo. Mimi hutumia sweta ya sufu ya mitumba. Vuta uzi mmoja uuchome: ukinuka nywele zilizoungua na kusagika kuwa majivu, ni sufu, ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni nailoni, rudisha kwa muuzaji. Sweta hiyo ichemshe na sabuni nusu saa huku ukiikoroga kwa nguvu. Itasinyaa na kuwa nene kama blanketi, na hapo unaweza kuikata bila nyuzi kufumuka. Tabaka mbili hushikilia mkojo vizuri. Haifuliwi kila siku, inaanikwa tu hewani. Mara moja kwa wiki mbili inatosha, na maji yawe vuguvugu.

Sasa kufua, kwa hesabu ya nepi kumi na mbili. Choo kinapanguswa na kumwagwa chooni mara moja. Nepi inasuuzwa kwenye lita tano za maji yasiyo na sabuni (haya ndiyo maji ya ziwa, na baadaye nitaeleza yanatoka wapi), inakamuliwa, inawekwa kwenye ndoo kavu yenye kifuniko. Narudia: kavu. Kuloweka usiku kucha ni desturi ya wengi, lakini mkojo uliolowekwa hutoa amonia, pamba huoza mapema, na ndoo yenye maji ni hatari ya kifo kwa mtoto anayeanza kusimama. Anainama, kichwa kinamzidi uzito, hawezi kujitoa.

Asubuhi chemsha lita nne za maji ya mvua, changanya na lita nne za baridi. Kwa mwinuko wetu wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo mchanganyiko huo unakupa kama nyuzi 55 hadi 60. Mkono hauvumilii, tumia mti laini wa kukorogea, na watoto wakae mbali na basani. Sabuni ni vijiko vinne vya chakula vya sabuni iliyokwanguliwa, imeyeyushwa kwanza kwenye nusu lita ya maji moto. Ukiitia bila kuiyeyusha, vipande vitajificha kwenye mikunjo. Sukasuka dakika kumi. Angalia povu dakika ya tano: likiwa limekufa, sabuni ni kidogo au uchafu ni mwingi, ongeza kijiko. Povu likiwa hai mpaka mwisho, nepi zimefuliwa.

Kisha suuzo la kwanza, lita sita za mvua. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia kazi. Wamefua kwa maji ya mvua, wamefurahia povu, halafu wanasuuza kwa maji ya ziwa kwa sababu ndiyo mengi. Sabuni iliyobaki kwenye nyuzi inakutana na magnesiamu hapohapo, na utando unaganda ndani ya kitambaa. Suuzo la pili ndilo linaweza kuwa la ziwa, lita nane, na humo natia vijiko vitatu vya chakula vya siki nyeupe, au maji ya malimau mawili yaliyochujwa vizuri. Maji ya ziwa ni makali kidogo upande wa magadi, pH yake ni karibu 9, na siki huyatuliza ili ngozi isiwashwe. Maji haya ya mwisho hayamwagwi: ndiyo yale lita tano ya kusuuzia nepi za jioni. Hesabu ya siku nzima ni lita 14 za mvua na nane za ziwa, chini ya bidoni moja na robo. Pipa la lita 200 hukaa wiki mbili.

Siki na sabuni visiwe kwenye basani moja. Nimeona maelezo mengi ya «maisha ya asili» yanayoshauri hivyo, na ni kosa: asidi huirudisha sabuni kuwa mafuta, nayo mafuta hayo huganda kwenye nguo. Na siki na javeli visikutane kabisa, hata kwa matone. Hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti pipa hukauka. Hapo ninalainisha maji ya ziwa kwa soda ya kufulia (sodiamu kaboneti), vijiko viwili vya chakula kwa lita kumi za maji moto, koroga, acha robo saa, ndipo sabuni iingie. Husaidia, lakini haimalizi, magnesiamu ni sugu kuliko chokaa. Sabuni inapanda hadi vijiko saba. Sokoni uliza vizuri. Soda ya kufulia si soda kaustiki, ile ya kupikia sabuni, ambayo hula ngozi na kupofusha macho, na nyumbani mwenye watoto wadogo isiingie hata kwenye chupa iliyofungwa. Maji ya majivu ni njia ya bibi zetu na hufanya kazi ileile: kikombe kimoja cha majivu ya kuni yaliyochekechwa, lita tano za maji, lala usiku, chukua ya juu yaliyo maangavu. Vaa glavu, kwa maana yanachubua. Na majivu ya mbabula (jiko la makala) iliyowashwa kwa kipande cha plastiki yatupwe.

Kama nepi zako tayari zimeziba, angusha tone la maji juu ya kitambaa kikavu. Tone likisimama kama shanga badala ya kunywewa, kuna utando. Dawa ina hatua mbili na mpangilio wake haugeuzwi. Kwanza loweka nusu saa kwenye lita tano za maji ya mvua zenye mililita 100 za siki. Asidi huivunja ile sabuni iliyoganda. Suuza. Kisha chemsha dakika ishirini kwenye lita tano nyingine za mvua na vijiko viwili vya soda ya kufulia, bila sabuni. Utashangaa kuona povu linatokea lenyewe: ni mafuta ya zamani yanageuka sabuni tena na kutoka. Rudia mpaka povu lipungue. Ukianza na soda, utando haubanduki.

Pua nayo hupima. Nepi inayonuka ikiwa imekauka haikufuliwa vya kutosha, ongeza joto au sabuni. Inayonuka mara tu mtoto anapokojoa, hiyo imeziba.

Anika kwenye kamba, si juu ya mawe ya lava. Mawe meusi hupasha joto kweli na nepi hukauka haraka, lakini vijichembe vyake ni kama vioo vidogo, hubaki kwenye pamba na kukwaruza. Jua la mchana ndilo linaloondoa madoa ya manjano. Geuza upande wa doa uangalie jua ikiwa bado mbichi. Majivu ya volkano yakianza kudondoka, ingiza nguo zote ndani na uzifue upya.

Ngozi ya mtoto haihitaji vitu vingi: maji, kitambaa laini, dakika kumi za kukaa bila nepi kila siku, mafuta kidogo yasiyo na marashi. Mafuta nayo huziba nepi, kwa hiyo weka kipande cha fulana nzee katikati. Poda siipendi, mtoto huivuta mapafuni. Wekundu unaotoweka ndani ya siku mbili tatu ni wa unyevu. Wekundu unaong'aa, wenye vidoadoa pembezoni na kwenye mikunjo, kwa kawaida ni kuvu, na kuvu haiponi kwa majani. Nenda kituo cha afya upewe dawa ya kupaka. Vivyo hivyo akiwa na malengelenge, usaha au homa.

Kuna kemikali moja ambayo haiondoki nyumbani mwangu, nayo ni klorini ya maji ya kunywa. Mji uliozika watu wengi mno kwa kipindupindu Julai 1994, na ambao bado unakipata, hauwezi kucheza na jambo hili. Bidoni ya lita 20 ikitiwa klorini ziwani, ngoja dakika 30 kabla ya kunywa, hata kama harufu inakukera. Ukiyaacha maji kwenye chombo safi kilichofunikwa kitambaa tu, harufu itapungua yenyewe.

Mtoto akiharisha majimaji, kwanza mpe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, mnyonyeshe, mpeleke kituoni. Nepi zake hazichanganywi na nyingine na hazisuuzwi jioni. Choo kinakwenda chooni, nepi zinatumbukizwa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka na kukorogwa humo dakika tano kamili zikiwa zimezama. Kazi hiyo ifanyike angalau mita 30 kutoka ziwani au popote watu wanapochota, na maji yake yamwagwe chooni, si kwenye nyufa za lava, kwa sababu haijulikani yanatokea wapi. Osha mikono kwa sabuni hadi viwikoni. Sufuria iliyotumika ipigwe alama na isirudi jikoni.