Maumivu Yakihamia Upande wa Kulia

Ndugu zangu mlio mbali na nyumbani, leo naomba tuzungumzie tumbo. Hapa Turku, Ufini, tumbo likianza kumuuma mmoja wetu hujitibu kwanza. Anachemsha tangawizi, anameza Panadol, anampigia mama WhatsApp, na mama anasema ni gesi, au taifodi, au vyakula vya huko. Asubuhi anaingia zamu. Mara nyingi yanaishia hapo. Ila lipo tumbo moja lisilosubiri zamu iishe, nalo ni la kidole tumbo.

Kidole tumbo, yaani apendiksi, ni kifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini kulia. Njia yake ikiziba, mara nyingi kwa kinyesi kilichokauka au kwa tezi za ndani kuvimba, bakteria huzaliana humo, ukuta hufura na damu hushindwa kupita. Kikitoboka, usaha unamwagika tumboni, na hapo maisha yako hatarini. Utotoni tuliambiwa chanzo ni mbegu za mapera na mchanga wa kwenye mchele. Mbegu hukutwa humo kwa nadra sana. Nalitaja kwa sababu kuna watu wazima wanaojiona hawako hatarini kwa hoja hiyo: "Mimi sijala mapera tangu nije Ulaya, hii si apendiksi." Ugonjwa huu humpata yeyote, na zaidi vijana wa kati ya miaka 10 na 30, umri wa wengi tunaokuja kusoma na kutafuta kazi.

Unavyojitambulisha ni kwa mpangilio wake. Maumivu huanzia katikati, karibu na kitovu, mazito yasiyo na mahali maalumu. Hamu ya chakula inakata. Kichefuchefu na kutapika hufuata baadaye. Saa kadhaa zikipita, maumivu yanahamia chini kulia na kuwa makali, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole. Charles McBurney, daktari wa upasuaji wa New York, alipaeleza mahali hapo mwaka 1889: ukitoka kwenye mfupa wa nyonga ya kulia kuelekea kitovuni, ni kama theluthi moja ya njia. Homa huwa ndogo mwanzoni. Kukohoa kunauma, kutembea kunauma, na gari likiruka tuta ndiyo kabisa. Hilo la matuta limepimwa Uingereza: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kati ya wagonjwa 34 waliothibitishwa, 33 walisema maumivu yalizidi gari lilipopita kwenye matuta.

Nililiona hilo kwa kijana wetu mmoja kutoka Tanga, anayesomea uuguzi hapa. Wenzake anaoishi nao walinipigia usiku. Alishuka ngazi amejikunja, mkono mmoja kwenye reli na mwingine ubavuni, akitanguliza mguu wa kushoto na kusimama kila hatua. Garini, tulipopita kwenye mawe ya mitaa ya zamani karibu na mto Aura, alikuwa akishika mkanda na kufumba macho. Tulipofika, nesi wa mapokezi akamuuliza: kutoka sifuri hadi kumi, unaumwa kiasi gani? Akajibu, "Nne." Jasho linamtiririka, midomo imekauka, naye anasema nne!

Nilimwinamia nikamwambia, "Mwanangu, mwambie ukweli." Akanitazama, kisha akasema nane.

Hapa ndipo ninapoumia. Tumelelewa kwamba mtu mzima halalamiki, na mgeni halalamiki zaidi. Lakini nesi yule hamjui mama yako wala malezi yako. Ana namba uliyomtajia, joto la mwili, mapigo ya moyo, na foleni ya watu. Ukisema nne, utakaa kwenye benchi na wenye nne. Kwa hiyo sema namba ya kweli, halafu simulia kwa mpangilio: yalianza saa ngapi, yalianzia wapi, sasa yako wapi, nini kilifuata. Iandike kwenye simu kabla hujatoka nyumbani ukiweza. Hakuna mashine inayoweza kumpa daktari historia hiyo badala yako.

Daktari alimbonyeza kushoto, akaumia kulia. Alipoachia mkono ghafla, akaumia zaidi. Vikafuata vipimo vya damu na mkojo, kisha CT, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mionzi. Kwa watoto na wajawazito huanza na ultrasound ili kukwepa mionzi. Wasichana huulizwa kuhusu ujauzito na kupimwa, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huuma upande mmoja na inaua. Msichukulie kama matusi. Na tafadhali, binti asitafsiriwe na mjomba wake. Omba mkalimani wa hospitali, hata wa simu, ili ajibu kwa uhuru.

Upande wa tiba, mji huu una sifa yake. Paulina Salminen na wenzake wa hospitali ya chuo kikuu cha Turku waliongoza utafiti wa wagonjwa 530 katika hospitali sita za Ufini, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kati ya 256 waliopewa antibayotiki na kufuatiliwa mwaka mzima, 186 hawakuhitaji kisu. Kufikia miaka mitano, karibu wanne katika kumi walikuwa wamerudiwa na ugonjwa. Kijana wetu alizisikia habari hizo chuoni, na kwa kuwa mitihani ilikuwa karibu akaomba dawa badala ya upasuaji. Daktari akamwonyesha kwenye picha kijiwe cha kinyesi kilichokauka, kilichokuwa kimeziba njia. Wenye kijiwe hawakuingizwa kwenye utafiti ule, kwa sababu kwao hatari ya kutoboka ni kubwa zaidi. Akakubali upasuaji wa matundu madogo. Mama yake alikuwa hewani kutoka Tanga, akilia, akitaka kwanza wazee wakae. Nilimweleza kwamba huku mwenye miaka 18 hujiamulia mwenyewe, na kwamba kusubiri kikao ni kukipa kidole tumbo muda wa kutoboka. Akanyamaza kidogo, akasoma dua, akasema, "Mwambie aende."

Ukiwa bado nyumbani na una wasiwasi na tumbo la namna hii, usinywe haluli, usinywe mafuta ya nyonyo, usijipige bomba, usiweke chupa ya maji ya moto. Acha kula, kwani huenda ukahitaji nusu kaputi. Panadol haitamficha daktari ugonjwa, mwambie tu umemeza lini. Na maumivu yakikatika ghafla baada ya kuwa makali, usishangilie: huenda kimetoboka, na baada ya muda tumbo lote litakuwa gumu na homa itapanda. Wazee, wajawazito na watoto wadogo mara nyingi hawafuati mpangilio niliouandika, kwa hiyo wao wapelekwe mapema.

Baada ya upasuaji, chukua karatasi ya mapumziko na uitumie. Wengi wetu tunafanya usafi na kunyanyua wagonjwa, na mshono wa ndani unahitaji wiki kadhaa kabla ya mizigo. Kidonda kikitoa usaha au homa ikirudi, rudi hospitali.

Ufini piga 116117 kupata ushauri, na 112 kwa dharura. Uingereza ni 111 na 999. Mlioko Marekani mnaoogopa bili, tangu mwaka 1986 sheria inaitaka idara ya dharura ikupime na kukutuliza hali hata kama huna bima wala pesa. Bili itakuja, na inaweza kuwa kubwa, lakini hospitali nyingi zina utaratibu wa kuwapunguzia wasio na uwezo. Uliza fomu zake kabla hujatoka wodini.