Fidla ya Binti Yangu Ilivyokwenda Likizo Nasi

Kabla ya shule kufungwa nilimfuata mwalimu wa fidla wa binti yangu nikamuuliza tubebe kitabu gani safarini. Akanijibu, "Mama, kitabu kiacheni nyumbani." Akachukua kikaratasi akaniandikia mambo matatu: skeli ya D meja, yaani noti zinazopangwa kupanda na kushuka kama ngazi, wimbo mmoja ambao mtoto anaujua na kuupenda, na noti nane za wimbo mpya zilizokuwa zinamsumbua. Hakuongeza kitu.

Sababu yake niliielewa pale pale. Mtoto wa miaka minane akijifunza wimbo mpya bila mwalimu, akakosea kidole leo na hakuna wa kumwambia, baada ya wiki lile kosa ndilo linakuwa wimbo wenyewe. Kulitoa ni kazi kubwa kuliko kuanza upya. Kwa hiyo likizo haikuwa ya kusonga mbele. Ilikuwa ya kuhakikisha mkono hausahau na sikio halilali.

Wapo wazazi wanaosema likizo ni likizo, mwache mtoto apumzike na fidla nayo ipumzike. Siwabishii. Mtoto aliyecheza miaka mingi akiacha kwa muda hurudi upesi. Wangu ndiyo kwanza yuko mwaka wa pili: ncha za vidole vya mkono wa kushoto zimeanza tu kukomaa, na kidole kidogo bado kinabembelezwa. Akiacha kabisa, uzi humuuma akirudi, na akiumwa hataki tena kuligusa kasha la fidla. Tulishaona hayo alipougua mafua ya muda mrefu, kwa hiyo sikuwa nabahatisha.

Nianze na fidla yenyewe, maana bila hiyo hakuna mazoezi. Mbao za fidla hushikiliwa na gundi ya asili inayotokana na wanyama, nayo hulegea kwa joto na unyevu. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili fundi aweze kuifungua fidla na kuitengeneza bila kuivunja. Gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 ndani bila shida, na hapo kiungo kinaweza kuachia. Kwa hiyo kasha halikuwekwa kwenye buti na halikubaki garini hata tuliposimama kidogo tu. Tukishuka, linashuka. Mume wangu alilibeba mgongoni kila mahali, na watu walikuwa wanamwomba apige.

Upinde ulilegezwa kila baada ya kupiga. Zile nywele ni za farasi, na hewa ikikauka hufupika. Ukiziacha zimekazwa zinavuta fimbo hadi inapinda. Ulimbo, ule utomvu mgumu unaopakwa kwenye nywele za upinde, niliufunga kwenye kitambaa kwa sababu hupasuka ukianguka. Nilibeba pia uzi wa E wa akiba, mmoja wa nyuzi nne za fidla (G, D, A na E), kwa kuwa ndio mwembamba kuliko yote na ndio unaokatika sana. Jambo moja la kukumbuka kwa mzazi atakayelazimika kubadilisha nyuzi mwenyewe: badilisha mmoja mmoja. Daraja la fidla, kile kibao kinachoinua nyuzi, halikugundishwa, limesimama kwa mkazo wa nyuzi tu, na ndani kuna kijiti kilichosimama kwa mbano huo huo. Ukilegeza nyuzi zote kwa pamoja, vyote viwili vinaweza kuanguka, na kile cha ndani hukirudishi bila fundi.

Tulikuwa pwani, unyevu mwingi, na vigingi, vile vya kichwani vinavyokaza nyuzi, vilivimba vikawa vigumu kuzunguka. Nilitumia zile skrubu ndogo za kwenye mkia wa fidla kuirekebisha sauti kidogo kidogo, huku programu ya simu ikinionyesha kama uzi wa A umefika herzi 440. Kazi hiyo niliifanya mimi mtoto akiwa bado amelala. Ukimwamsha mtoto, kisha ukamwambia asubiri dakika kumi unasumbuana na vigingi, umeshampoteza.

Sasa muda. Nyumbani anapiga saa kumi alasiri akitoka shule, na saa hiyo imemzoea. Likizoni saa kumi haipo: ama mko majini, ama mko njiani, ama mmelala. Nikaamua mazoezi yafungwe kwenye tukio, saa niachane nayo. Tukio lililokuwepo kila siku bila kukosa lilikuwa moja tu, kutoka nyumbani asubuhi. Hakuna anayevaa viatu kabla fidla haijapigwa. Wadogo zake wakawa ndio wasimamizi, tena wakali kuliko mimi, kwa sababu ufukwe ulikuwa unawasubiri wao pia. "Dada, bado fidla!" Sikuhitaji kusema neno.

Kikao kilikuwa kifupi, robo saa hivi, mara nyingi pungufu. Skeli ya D kwa upinde mzima, polepole, kupanda na kushuka. Kisha noti nane. Ugumu wake ulikuwa pale anapotoka uzi wa A na kuifikia noti ya E kwa kidole cha nne badala ya kuruka kwenda uzi wa E. Kidole kidogo kilikuwa kinafika kifupi, sauti inakuwa chini kidogo. Uzuri wa fidla ni kwamba noti hiyo hiyo ipo kwenye uzi wa pembeni, wazi, bila kidole. Anapiga kwa kidole, anapiga uzi mtupu, anasikiliza. Zikigombana anasogeza kidole mbele kidogo kabisa, anapiga tena. Zikikubaliana anainua macho kuniangalia kama nimesikia. Hakuna haja ya mama anayejua muziki, na mimi siujui; fidla yenyewe inamsahihisha.

Wimbo anaoupenda ulikuwa wa mwisho kila mara, na sikuwa namkatiza humo hata akikosea. Huo ulikuwa malipo yake.

Sauti ilikuwa shida ya siku za kwanza. Nyumba za kupanga zina kuta nyembamba, na si kila jirani wa likizo anataka kuamshwa na skeli. Kuna kifaa kidogo cha mpira kinachovikwa juu ya daraja, kinapunguza sauti hadi ya mtu kuongea taratibu. Vipo vya chuma pia, ambavyo hunyamazisha zaidi, lakini kikichomoka kinaangukia mbao. Kwa mtoto, chukua cha mpira. Ubaya wake ni kwamba kinaficha makosa ya upinde, kwa hiyo tulikitumia asubuhi na mapema tu. Jirani akishatoka, tunakitoa.

Yaliyonishangaza yalitokea tulipofika kwa bibi yao, ambako kulikuwa na watoto wa shangazi na wa ami tele. Niliogopa kwamba kundi lile ndilo litakalozika mazoezi. Binti yangu akawaonyesha jambo alilofundishwa na mwalimu wake: akibonyeza kidole cha tatu kwenye uzi wa A mahali penyewe hasa, anapata D, na uzi wa D ulio jirani, ambao hakuna aliyeugusa, unatetemeka wenyewe. Ukichungulia kwa karibu unauona ukiwa na ukungu. Kidole kikikosea hata kwa unywele, uzi unatulia. Watoto wakajazana kichwa kwa kichwa juu ya fidla. "Umetetemeka!" "Haujatetemeka, rudia!" Akarudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kumwomba mimi kwa mwezi mzima, na kila marudio lilikuwa zoezi la kulenga kidole. Kila asubuhi wakawa wanaamka na kuudai mchezo wao. Bibi akakaa kwenye kiti chake pembeni akiuliza, "Na mimi nitapigiwa lini?" Akapigiwa ule wimbo wa zamani, akaomba tena, na keshoye tena.

Zilikuwepo siku ambazo fidla haikutoka kashani kabisa: siku za safari ndefu na siku moja mtoto ana homa. Homa ni homa, sikugusa. Ila za safari tulizitumia. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha utafiti wa watu wasiojua piano waliofundishwa zoezi la vidole vitano. Kundi moja lilipiga saa mbili kila siku kwa siku tano. Jingine lilikaa mbele ya piano muda huo huo likiwaza tu miondoko ya vidole bila kuisogeza. Sehemu ya ubongo inayoongoza vidole ilibadilika kwa makundi yote mawili. Waliowaza tu hawakucheza vizuri kama waliopiga, lakini walipopewa kipindi kimoja cha kupiga kwa mikono wakawafikia. Sikumweleza hayo mtoto. Nilimwambia tu apige fidla kwenye mkono: vidole vya kushoto juu ya mkono wa kulia, kati ya kiganja na kiwiko, huku akiimba namba za vidole, sifuri (uzi mtupu), moja, mbili, tatu. Mdogo wake akawa anakisia ni wimbo gani. Kilomita zilipita.

Na tulisikiliza. Mjapani Shinichi Suzuki, aliyefundisha fidla kwa watoto wadogo sana, alijenga njia yake juu ya wazo kwamba mtoto hujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama, kwa kuisikia kwanza kila siku. Hatufuati njia yake yote, lakini hilo la kusikiliza nalikubali. Ule wimbo mpya uliwekwa garini asubuhi na jioni, kwa sauti ya chini, bila mtu kuambiwa asikilize. Mwisho mume wangu alikuwa anaupiga mluzi bafuni.

Zawadi za stika, peremende, jedwali la alama ukutani, vyote sikutumia. Nyumbani nimewahi kuvitumia na vinafanya kazi kwa muda, lakini likizoni kila kitu tayari ni zawadi. Stika haishindani na bahari.

Tuliporudi, mwalimu alianza na zile noti nane. Kidole cha nne kilifika bila kubembelezwa, akatikisa kichwa cha kukubali na kufungua ukurasa unaofuata. Skeli ilikuwa safi kuliko tulipoondoka, na nadhani ni kazi ya wale watoto wa shangazi. Kilichokwenda kombo ni ule wimbo wa kupendwa. Kwa kupigiwa watu kila siku, tena wanaoshangilia, ulikuwa umeshika kasi ajabu, mwishoni noti zinagongana. Mwalimu akacheka, akaweka metronomu, kile kifaa kinachogonga mwendo wa wimbo, kwenye mapigo 80 kwa dakika, akasema tuanze hapo kwanza. Sasa kila alasiri naisikia ikigonga, na kila alasiri binti yangu ananikumbusha kwamba bibi alikuwa anaupenda ukiwa wa haraka.