AC inapuliza upepo tu, kumbe ni kapasita

Mwezi wa pili joto la Dar mnalijua, na AC yangu ya BTU 12,000 ikaanza kupuliza upepo tu, baridi hakuna. Fundi wa kwanza hata kufungua hakufungua, akasema kompresa (pampu inayosukuma gesi) imekufa, nunua AC mpya, roho ikaniuma maana ina miaka 6 tu. Nikaita mwingine, huyu akasikiliza yuniti ya nje kwanza, feni inazunguka ila kompresa inanguruma kidogo halafu inakata, akazima umeme akafungua. Kapasita (kikopo kinachotunza chaji ya kusaidia kompresa kuwaka) juu imevimba kama kopo la maziwa lililoharibika, imeandikwa uwezo wa 35 µF, mita inasoma 11! (Msiiguse kwa mkono jamani, inatunza chaji hata umeme ukizimwa.) Akaweka mpya ya namba ileile, akaosha koili iliyojaa vumbi, dakika chache bomba nene likaanza kutoa jasho na chumba kikapoa.

Nilimuuliza sasa AC yenyewe nibadilishe lini, akasema kompresa ikifa kweli, au koili ikiliwa na chumvi ya bahari mpaka kila ukijaza gesi inavuja, au ikiwa ni ya gesi ya R22 na imevuja, maana hiyo gesi inaondolewa duniani kote. Yangu ni R410A, naendelea nayo.