Karanga zangu na maji: kumbukumbu ya msimu hadi sasa

Haya wadau, karanga zimefika hatua ya kujaza punje, afu huu msimu mradi wangu wote ni maji tu. Mbegu ni ileile na udongo ni uleule wa kichanga tifutifu, nnachobadilisha ni lini namwagilia na kiasi gani.

Mwanzo ulikua rahisi. Nililowesha shamba vizuri kabla ya kupanda, zikaota, afu nikabana maji. Jirani akawa ananiuliza mbona unazitesa, lakini karanga changa inavumilia ukavu kidogo na mizizi inashuka chini kutafuta unyevu, ukiibembeleza na maji kila siku mizizi inabaki juujuu na jua likija kali inalegea mapema. Kwahiyo hadi maua ya kwanza, yale ya njano yanayotokea kama siku 30 hadi 40 baada ya kupanda, nilikua nachimba na kidole tu, nikikuta ubichi chini simwagilii.

Maua yalipotoka ndo kazi ikaanza kweli. Ua likishachavuka linatoa kijiti chembamba kama sindano, kinainama, kinaingia ardhini na ncha yake ndo inakua karanga. Sasa udongo wa juu ukiwa mkavu umeganda kile kijiti hakipenyi, kinakaukia nje. Na kuna kitu watu wengi hawakijui kabisa, yaani madini ya kalisi ya kujenga ganda na punje haitoki kwenye mizizi, ganda linaifyonza lenyewe kutoka kwenye udongo uliolizunguka, zile sentimita 5 hadi 10 za juu, na bila unyevu hapo kalisi hailifikii hata kama umeweka jasi ya kutosha (ile mbolea inayoleta kalisi). Matokeo yake unavuna maganda mazuri ndani hamna kitu. Ndo maana tangu maua sipimi tena unyevu wa chini peke yake, naangalia na hapo juu.

Kiasi: karanga msimu mzima inataka kama milimita 500 hadi 700 za maji, mvua ikiwemo. Hesabu ni nyepesi, milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, so tuta la mita 10 kwa 1 ukitaka kulipa milimita 25 unahitaji lita 250. Kipindi hiki cha maua na kujaza punje hizo 25 ndo nalenga kwa wiki, joto likizidi naongeza, na mvua ikinyesha natoa kiasi chake, nina kopo la kupimia pale shambani. Kwenye kichanga nazigawa mara mbili maana ukimwaga zote kwa pamoja zinapita zinaenda zake chini.

Natumia mipira ya matone. Maji ya kurusha juu yanalowesha majani na majani yakikaa mabichi muda mrefu madoa ya ukungu yanasambaa haraka sana, kama una springla tu basi mwagilia asubuhi jua liyakaushe.

Kinachonikosesha usingizi saa hizi ni wiki za mwisho. Ukame na joto punje zikiwa zinakomaa ndo vinampa nafasi yule kuvu wa sumukuvu, na sumu hiyo huioni kwa macho na kukaanga hakuimalizi, kwahiyo siachi udongo ukauke kabisa hata kama majani yameanza kuzeeka. Lakini pia maji mengi mwishoni yanaozesha maganda na zile aina za muda mfupi zinaota humohumo ardhini.

Kuanzia sasa nang'oa shina moja moja na kupasua maganda, ndani yakiwa mengi yamegeuka kahawia nafunga maji, naacha udongo upungue unyevu kidogo ila usigande, afu nang'oa. Picha za maganda nitaweka nikishapasua ya kwanza.